Mama, Picha Imekuja?

Katika lugha yetu kuna neno dogo, lina herufi mbili tu, na hapo nimeshalitumia kabla hata sijalitaja. Mtu akikuuliza habari, ukamjibu "nzuri", anaridhika na kushika njia yake. Ukimjibu "nzuri tu", na kama ni mtu anayekupenda, atasimama. Atakuuliza kuna nini. Maana hiyo "tu" ni kama mlango ulioegeshwa: haukufungwa, haukufunguliwa, na nyuma yake kuna mtu amekaa.

Dada ninayetaka kuwasimulia habari zake alikula mkate wake kwa neno hilo. Kazini walimwita Sikio. Alifanya kazi katika ofisi ya kukusanya maoni ya wateja, ghorofani, juu ya duka la vioo. Kilikuwa chumba kirefu chenye meza zilizotengwa kwa mbao nyembamba, kila meza na simu yake na kompyuta yake, na feni moja ya wote iliyopepea karatasi kuliko ilivyopepea watu. Wauzaji wa vyombo vya umeme walikuwa wakiipa ofisi ile kazi ya kuwapigia simu watu walionunua bidhaa zao na kuwauliza, kwa adabu, wamezionaje. Miaka ile bidhaa zilikuwa hasa za aina mbili. Kulikuwa na vile vidude vya mfukoni vya kuchezea muziki na video, mtu anachomeka waya masikioni na kutembea na dunia yake mwenyewe. Halafu kulikuwa na huduma ya televisheni ya HD, ile yenye picha safi, inayoingia nyumbani kwa dishi na king'amuzi.

Wateja walimpa mengi. Mzee mmoja alilalamika kwamba tangu aweke HD ameona msoma habari naye amezeeka, na yeye miaka yote alidhani anazeeka peke yake. Kijana mmoja alisema picha ni safi mpaka anaona jasho kwenye shingo ya mchezaji, ila mpira ukikaribia goli picha inaganda, bao analisikia kwa jirani. Na mama mmoja alisema mumewe, tangu anunue kile kidude cha muziki na kuziba masikio, hamsikii hata akiitwa mara ngapi. Sikio akamwuliza kama ayaandike hayo kuwa malalamiko.

Yule mama akafikiri kidogo. "Hapana, dada. Zamani alikuwa hanisikii bila sababu. Sasa angalau ana sababu."

Lakini hao walikuwa wachache. Wengi wetu hatukulelewa hivyo. Mgeni akikupigia simu na kukuuliza kwa sauti ya upole kama umeridhika, humwagii shida zako miguuni. Unasema haina neno. Unasema si haba, tunashukuru, tunakwenda nayo hivyo hivyo. Wenzake Sikio walisikia hayo, wakaandika "ameridhika", wakapiga namba nyingine. Sikio hakuandika. Alinyamaza kwanza, akamwachia mteja nafasi ya kupumua, halafu akasema taratibu, "Hiyo tu yako, naomba uniambie." Na mtu upande wa pili alikuwa akicheka, kama aliyekutwa na kitu mfukoni, kisha anaanza kusema, na akianza hakomi. Msimamizi wa ofisi alipopata wafanyakazi wapya aliwakalisha karibu yake wamsikilize. Aliwaambia huyu hapigi simu, huyu anavua samaki.

Sasa Sikio huyu alikuwa na mama yake, na hapo ndipo kilipo kisa chenyewe.

Waliishi wawili, baba alishatangulia. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili na sebule, na uani kamba ya nguo iliyolegea katikati. Mama mtu, mtaa mzima ulimwita Bi Tiketi, kwa sababu ujana wake wote aliumaliza akiuza tiketi kwenye jumba la sinema. Alikaa ndani ya kijumba kidogo chenye kidirisha kisichozidi sahani, kimewekwa chini kiasi kwamba wateja hakuwaona nyuso, aliona mikono. Aliwajua watu kwa mikono. Alijua mkono wa dereva, wa mpaka rangi, wa mwanamume aliyemleta mwanamke kwa mara ya kwanza na ambaye vidole vyake havitulii. Mbele yake kidirisha, nyuma yake ukuta, na nyuma ya ukuta ndiyo sinema.

Hakuwahi kuiona sinema hata moja mpaka mwisho. Wachelewaji walikuwa wakija mpaka picha inakaribia kwisha, na dirisha haliachwi. Kwa hiyo alizisikiliza. Kwa miaka ile yote alizisikiliza kupitia ukutani: nyayo, mlango, kilio, muziki unaopanda kabla mtu hajafa, na juu ya yote hayo pumzi za watazamaji, maana watu mia wakishusha pumzi pamoja unajua kilichotokea bila kuambiwa. Akirudi nyumbani aliwasimulia majirani picha ile mwanzo mwisho. Na hili nalisema kwa sababu ni la kweli na litawafaa mbele: watu walioiona wenyewe walikuja kuisikia kwake tena, wakasema yake ni nzuri zaidi. Ukimwuliza yule jambazi alikuwa na sura gani, alikuambia bila kusita, na wala hakumwona.

Baadaye jumba lilifungwa, likawa ghala la magodoro.

Sikio alikulia ndani ya masimulizi hayo. Kwa hiyo siku kampuni ya ile huduma ya HD ilipowapa wafanyakazi wa ofisi yao nafasi ya kuunganishiwa nyumbani kwa bei nafuu, hakufikiri mara mbili, na hakujifikiria mwenyewe. Televisheni ilipowashwa kwa mara ya kwanza alimshika mama yake bega akamwambia, "Mama, maisha yako yote umezisikia. Sasa utaziona."

Na Bi Tiketi aliona. Msije mkadhani hakuona. Siku ile walionyesha sisimizi wanapanda jani, na kila sisimizi ana kivuli chake, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa upindo wa kanga. Alisema ni nzuri. Alisema nzuri mno, mwanangu, na Sikio alilisikia lile jibu lilivyo zima, halina ufa.

Ikawa desturi yao. Sikio anarudi kazini mdomo umechoka kwa maneno ya watu, wanakunywa chai, wanakaa kwenye viti viwili bega kwa bega, wanaangalia. Binti hakuwa na furaha nyingine kubwa kushinda hiyo. Hakuwa ameolewa, na alipoulizwa alisema wachumba wote aliwasikia kwenye simu akawajua.

Mimi si mtu wa kumzungusha msikilizaji, kwa hiyo nawaambia mapema kilichokuwa kinatokea, ingawa binti hakukijua. Macho ya Bi Tiketi yalikuwa yanakufa.

Hayakuuma. Yangeuma angesema. Yalianza kufa pembeni. Alijigonga kwenye mwimo wa mlango aliokuwa akipita tangu aolewe. Aliangusha kikombe kilichokuwa karibu na kiwiko. Dunia ilikuwa inajifunga pande zote taratibu, mpaka akawa anaona kama kwa kile kidirisha chake cha zamani: katikati peupe, safi kabisa, na kuzunguka hapo ni ukuta. Alijiambia ni uzee. Wenzake wa rika lake walilalamika magoti, yeye akasema basi mimi fungu langu ni macho, kila mtu na lake.

Na alikuwa na sababu ya kunyamaza. Baba yake Sikio aliugua muda mrefu sana, na binti aliacha chuo akarudi kumwuguza. Bi Tiketi aliuona ujana wa mwanawe ukitoka nje kila asubuhi pamoja na beseni la maji machafu. Siku walipomaliza msiba aliapa moyoni kwamba mtoto yule hatashika tena beseni la mgonjwa akiwa yeye yu hai. Kuna mama huogopa kufa. Huyu aliogopa kuuguzwa.

Hivyo alianza kujibu nzuri tu.

Sikio aliisikia mara moja. Angeikosaje? Ndiyo kazi yake. Alimwuliza, "Tu ya nini, mama?" na mama akasema hamna kitu, labda picha inatetemeka kidogo, labda ni mvua. Hapo ndipo binti alipopotea njia, na ninyi mtanisamehe nikisema angepotea yeyote. Alijua kwa hakika kwamba kuna jambo limefichwa. Alichokosea ni kudhani limefichwa ndani ya televisheni.

Akamwita fundi akazungusha dishi. Akabadilisha waya. Akaongeza chaneli. Mwisho akauza ile televisheni akanunua kubwa zaidi, iliyofunika ukuta mpaka picha ya arusi ya wazazi wake ikahamishiwa chumbani, na akamkalisha mama mbele yake kama bibi arusi.

"Ile ndogo ilinitosha," alisema Bi Tiketi.

Binti alicheka. Alijua wazee wanavyoogopa gharama. Hakujua kwamba ile ndogo ilikuwa inaenea katika kidirisha, na hii kubwa mama yake aliiona pua peke yake, jicho peke yake, mkono peke yake, akawa anageuza shingo kumtafuta mtu aliyesema. Lakini ukimwuliza picha ilikwendaje alikusimulia yote, aliyelia na aliyesaliti, bila kukosea hata mahali pamoja. Alikuwa mtu wa ukutani. Sinema kwake haikuwahi kuhitaji macho, na ujuzi ule aliojivunia ndio uliomfichia ugonjwa.

Kisha kikaja kile kidude. Ofisini waligawiwa vya kujaribu, vya toleo jipya, vyembamba, kioo kitupu mbele, unagusa kwa kidole na nyimbo zinapita. Sikio alimpelekea mama yake, maana kile cha zamani alichowahi kumpa kilikuwa kimechubuka, na mama alipenda kusikiliza michezo ya kuigiza akichambua mboga. Bi Tiketi alikipokea, akakipapasa mbele, akakigeuza nyuma, akakipapasa tena.

"Hiki hakina sura," akasema.

Akakirudisha na kuomba chake chenye vitufe vilivyochomoza. Sikio alilipenda sana lile neno. Kesho yake alilipeleka kazini, ofisi nzima ikacheka, na kwa muda mrefu mteja mzee akilalamikia vidude vipya walikonyezana: huyu naye kitu chake hakina sura. Hata mimi ningecheka. Nani angefikiri kwamba mwanamke yule alikuwa akieleza, kwa usahihi kabisa, kile ambacho vidole vyake vilikuwa vimekikosa?

Yakaendelea hivyo, na kile kidirisha kikazidi kuwa kidogo. Jicho la kushoto lilitangulia, likabaki kujua mchana na usiku tu. La kulia likafuata. Bi Tiketi aliijua nyumba kwa hatua, aliyajua maji ya moto kwa mvuke, na mtaa uliokuwa ukimsalimia ulimwona amekuwa mpole zaidi, anainamisha kichwa kusikiliza kabla ya kuitikia.

Siku ya siku fundi alikuja mchana, Sikio akiwa kazini. Alikuwa ametumwa kwa mara nyingine atafute ubovu ambao haukuwapo. Fundi huyu alikuwa mtu mrefu, wa maneno mengi, na kila paa la mtaa lilimjua. Ili apime waya wa HD aliuchomoa, akaweka kwa muda zile waya za zamani zenye vichwa vitatu, chekundu, cheupe na cha njano. Chekundu na cheupe ni vya sauti. Cha njano ndicho cha picha. Alivichomeka kwa haraka, akapanda ngazi, na huku nyuma cha njano kikateleza kikaanguka nyuma ya meza.

Kazi ya dishi mnaijua. Inataka watu wawili, mmoja juani, mmoja ndani wa kupiga kelele.

"Mama, picha imekuja?"

"Bado."

Fundi akasukuma kidogo. Ndani, sauti zikaingia: mwanamke anaongea, mlango unafungwa.

"Na sasa?"

"Imekuja."

"Ni safi?"

"Safi kabisa, baba. Usiiguse tena, shuka, jua kali."

Fundi akashuka anafuta mikono kwenye suruali, anaimba. Alipoingia sebuleni aliacha kuimba. Kioo kilikuwa cheusi kama kitako cha chungu, sauti za watu zinatoka humo, na Bi Tiketi amekaa mbele yake ameinua kidevu, anatazama kwa makini. Fundi akaona kile kichwa cha njano kinaning'inia nyuma ya meza. Alitaka kucheka, cheko likamwishia mdomoni. Akauliza kwa upole, kama mtu anayetaka kujua mchezo umefika wapi, wale wanafanya nini.

"Binti amerudi na mzigo wake," alisema Bi Tiketi. "Mama mkwe hamtaki. Sasa hivi amempa mgongo."

Na ilikuwa kweli amempa mgongo, maana sauti ilikuwa imegeukia ukutani. Fundi alikaa kwenye mkono wa kiti.

"Mama, kioo ni cheusi."

Bi Tiketi hakushtuka. Wale watu wa kwenye televisheni waliendelea kugombana peke yao.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu nilipopanda."

"Basi wewe umeona, mimi sijaona. Tufanye tumegawana."

Akacheka, fundi hakucheka. Akainuka akaenda kumletea maji ya kunywa, na fundi, ambaye sasa alikuwa anatazama, aliona anavyomimina huku kidole amekiingiza kwenye ukingo wa bilauri kujua yamefika wapi. Alipompa alimwomba jambo moja. Binti yangu mwambie dishi lilikuwa limepinda. Fundi alikunywa maji yale yote asiseme ndiyo wala hapana, akarudisha waya kama zilivyokuwa, akaaga.

Ofisini kwa kina Sikio ilikuwa kawaida, fundi akishatoka kwa mteja, apigiwe aseme kazi imekwendaje. Simu ile Sikio aliipiga mwenyewe. Alimwuliza habari za kazi, habari za jua, halafu akamwuliza picha imekuwaje.

"Nzuri tu, dada," alisema fundi.

Sikio alitabasamu pale mezani. Wenzake waliokuwa karibu walimwona akitabasamu.

"Fundi, hiyo tu yako, naomba uniambie."



"Dada, dishi lako halina ubaya," fundi akasema. "Halijawahi kuwa na ubaya. Mimi nimeomba radhi kwa Mungu kabla sijakwambia, maana mama alinikataza." Na akamwambia.

Wanasema alibaki ameshika simu baada ya fundi kukata. Hakulia pale. Maneno ya mama yake yalikuwa yanamrudia moja baada ya jingine: ile ndogo ilinitosha, hiki hakina sura. Aliyachukua kama maoni ya mteja na akayacheka na watu. Msimamizi alimwuliza kama anaumwa. Akasema anaomba ruhusa.

Alipofika nyumbani mlango ulikuwa wazi, na televisheni ilikuwa inapiga makelele ambayo yalimficha nyayo. Mama yake alikuwa kitini. Sikio alikwenda akasimama kando yake, pale pale anapokaa kila siku, karibu kiasi kwamba angenyoosha mkono angemgusa shavu. Akasimama. Akangoja ageuke. Kwenye televisheni mtu alikuwa anauza rangi za nyumba. Mama yake hakugeuka.

"Mama."

Hapo akageuka, uso umefurahi, na yale macho yakapita kidogo karibu na sikio la binti yake yakatulia ukutani.

Hospitali walikwenda. Daktari alikuwa mwanamke mpole, aliyemwita Bi Tiketi mama na kumshika mkono alipokuwa akimwelekeza kwenye mashine. Alieleza kwamba jicho lina presha yake, kama mwili ulivyo na yake, na presha ikizidi inakausha mshipa unaopeleka picha kichwani. Jicho lenyewe zima, alisema, ila waya umekatika. Kilichopotea hakirudi. Kuna dawa ya matone, na ingezuia mengi kama angeletwa ilipoanza. Sikio aliuliza ilianza lini. Daktari akakadiria, na miaka aliyoitaja ilikuwa ile ile ambayo wao wawili walikaa bega kwa bega wanaangalia HD.

Waliandikiwa matone hayo hayo, ya kulinda mwanga kidogo uliobaki kwenye jicho la kulia. Njiani Sikio alimshika mama yake mkono kwa nguvu mno, na mama hakumwambia alegeze.

Sijui kama ninyi mmewahi kumkasirikia mtu mnayemhurumia. Ni hasira mbaya kuliko zote kwa sababu haina pa kukaa. Siku kadhaa Sikio alifanya kila kitu kimya. Alipika, akafua, akamtia mama yake matone, na televisheni hakuigusa. Jioni moja alishindwa.

"Kazi yangu ni kuuliza watu, mama. Nimewauliza watu nisiowajua mpaka wakanieleza ndoa zao. Wewe nilikuuliza kila siku."

"Uliniuliza picha, mwanangu," alisema Bi Tiketi. "Nami nikawa nakujibu picha. Macho hukuniuliza."

Hakulisema kwa kuumiza. Alilisema kama mtu anayemsaidia mwenzake kutafuta sindano iliyodondoka. Lakini Sikio aliinuka akaenda uani, akashika ile kamba ya nguo kwa mikono miwili, na ndipo alipolia, na majirani tulisikia tukajifanya hatukusikia.

Aliporudi alikuwa ameshanawa uso. Akakaa chini, miguuni pa mama yake. Akamwuliza swali ambalo alikuwa nalo tangu hospitali, na alikuwa akiliogopa.

"Mara ya mwisho kuniona vizuri ilikuwa lini?"

Bi Tiketi alifikiri. Alifikiri kwa uaminifu, kama mtu aliyeulizwa mbele ya hakimu.

"Mambo haya hayapigi hodi," alisema. "Ningejua ni siku fulani ningeishika. Ila nakwambia kitu. Katikati pale palikuwa safi mpaka mwisho. Padogo, lakini safi. Nikawa napaweka kwenye televisheni, kwa sababu ulikuwa unafurahi nikiangalia. Na wewe ulikuwa unakaa pembeni yangu. Pembeni ndiko kulikotangulia kwenda."

Sikio alisogea akawa mbele ya magoti yake.

"Kuna yule mwanamke wa tangazo la sabuni," mama yake aliendelea. "Huyo ninaye mpaka leo. Ana kidoti hapa chini ya mdomo, na jino moja limempandia mwenzake. Ile televisheni yako ilikuwa inaonyesha kweli kweli."

"Na mimi?"

"Wewe ninaye wa zamani. Wa ulipoanza kazi. Mwembamba, blauzi imekuzidi mabega, nywele umezibana nyuma mpaka macho yamevutika." Akanyoosha mkono, akaupata mkono wa binti yake, akautuliza juu ya goti lake. "Haya, niambie. Siku hizi ukoje?"

Binti ambaye aliweza kumfungua mtu yeyote mdomo akawa hajui aanzie wapi na uso wake mwenyewe. Alisema amenenepa kidogo. Alisema ile blauzi aliigawa siku nyingi. Alisema nywele amezikata, fupi, karibu na kichwa.

"Umezikata," alisema Bi Tiketi. "Lini?"

"Mwaka jana."

 Mama alilirudia lile neno chini kwa chini, mwaka jana, kama mtu aliyepokea habari za msiba wa ndugu baada ya watu kumaliza kuzika na kutawanyika.

"Na hukuniambia."

"Nilidhani umeona, mama," alisema Sikio.